Asidi Kabla ya Chujio

Tik-tak, tik-tak, kisha kishindo kidogo, kisha tik-tak tena. Ukifumba macho utadhani ni mtu anayegonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe, hana haraka, anakungoja umwambie jambo. Na kweli nilikuwa nimefumba macho. Sikutaka kutazama kioo cha kompyuta mpaka dakika ya nne ipite.

Ile ilikuwa pampu ya mtambo wetu. Kazi yake ni kusukuma maji kidogo kidogo kupitia bomba fupi la chuma tunaloliita safu. Ndani ya safu kumeshindiliwa chembe ndogo kuliko unga, na chembe hizo huzishika metali zilizomo majini, kisha huziachia moja moja: risasi hutangulia, shaba hufuata, zinki na nikeli huja nyuma. Kila moja ikitoka hukutana na dawa ya rangi, maji yakawa na rangi ya chungwa lililoiva, jicho la mtambo likaona, na kompyuta ikachora kilima. Kilima kirefu, metali nyingi. Pasipo kilima, hakuna kitu. Kwenye karatasi za ofisi huitwa kromatografia ya ioni. Mimi niliuita foleni, kwa sababu mle ndani kila metali hungoja zamu yake na hakuna inayopenya kwa kujuana.

Dakika ya nne ilipopita nikafumbua macho. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Hakuna risasi.

Mtu mwenye roho safi angeruka kwa furaha. Mimi nilikaa, viganja juu ya magoti, jasho likinitiririka mgongoni ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Maji yale yalitoka kwenye kisima nilichokuwa nimekihukumu mimi mwenyewe wiki sita nyuma.

Pale maabara waliniita Umeme. Tulikuwa watu wanne, na hakuna aliyenikaribia kwa kasi. Mwenzangu akiandaa chupa moja mimi nina tatu, zimepangwa, zimefungwa, zimeandikwa kwa mwandiko ambao ungeweza kuutundika ukutani. Siku nikichelewa walitania, "Leo Umeme umekatika," nami nilicheka nao huku nikijiambia moyoni kwamba wanajua bila mimi watakaa gizani. Nilikuwa na miaka minne kazini na sikuwahi kurudishiwa jibu hata moja. Hilo nilipenda lijulikane. Kama halikujulikana, nililitaja.

Wiki sita nyuma, basi, kamati ya mtaa mmoja wa juu ilituletea maji ya kisima kipya. Yalikuja kwa pikipiki, ndani ya boksi la barafu, kwenye chupa isiyo na jina ila namba: thelathini na moja. Ndiyo kanuni yetu. Anayepima asijue anampimia nani. Kwenye fomu walikuwa wametia tiki mbele ya maneno mawili: metali zilizoyeyuka.

Neno hilo, zilizoyeyuka, ndilo kazi yenyewe. Kilichoyeyuka kimeshakuwa sehemu ya maji. Hukioni, hukichuji kwa kitambaa, wala hukingoji kitulie chini ya ndoo. Tope halijayeyuka. Tope linaelea tu, na kisima kipya huwa na tope siku za mwanzo. Kwa hiyo kuna utaratibu, na utaratibu una mpangilio: kwanza chujio, uondoe tope, kisha matone mawili ya asidi kwenye maji yaliyobaki meupe, ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Chujio, halafu asidi. Ukigeuza, asidi itaingia kwenye tope, itaung'ata udongo, itang'oa kila kilicholala ndani yake tangu dunia iumbwe, na wewe utakipima kana kwamba watu wanakinywa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hivyo.

Siku ile nilikuwa na chupa arobaini na nilijiapia kuzimaliza kabla ya saa sita. Namba thelathini na moja ikatoa kilima kama paa la nyumba. Nikaandika: "Risasi iliyoyeyuka, mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa." Ningeishia hapo. Lakini mkono ulikuwa umeshika moto, nikaongeza mstari ambao hakuna aliyeniomba: "Chanzo kinachodhaniwa ni mabomba au maungio ya kisima." Niliusoma mstari ule mara mbili. Niliupenda ulivyokaa.

Katibu wa kamati aliusoma kwa kipaza sauti mbele ya ofisi ya mtaa. Kisima kikafungwa kwa mnyororo na kufuli. Watu wakarudi kuchota mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Na kwa kuwa risasi ni risasi, ya bomba na ya bunduki, utani haukuchelewa. "Kumbe fundi katupiga risasi," mmoja akasema, "tena katupigia ndani ya ndoo!" Kuanzia jioni ile aliyechimba kisima aliitwa Fundi Risasi, na watoto waliokutana naye njiani waliinua mikono juu kama watu waliotekwa.

Huyo fundi ni mume wa dada yangu.

Niliyajua hayo Jumapili iliyofuata, nyumbani kwa mama, tulipokutana kula. Shemeji hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinawa, akakaa, akasubiri watu washibe ndipo akauliza taratibu, kama anayeulizia njia, "Shemeji, ile mashine yenu haiwezi kukosea hata siku moja?"

Nikaelewa palepale ni kisima gani. Nilipaswa kunyamaza. Lakini meza ilikuwa imejaa, wajomba wapo, mama yupo, na wote wamenigeukia mimi.

"Shemeji," nikasema, "mashine haina shemeji."

Wakacheka. Mjomba mmoja alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni. Shemeji naye alitabasamu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu lake. Dada yangu peke yake hakucheka. Alikusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza.

Baada ya hapo sikwenda kwao. Nilijiambia nina kazi. Jumanne ya wiki ya sita dada akaja mwenyewe, akasimama nje ya geti la maabara mpaka mlinzi akaniita. Alikuwa amepungua.

"Shemeji yako halali," alisema bila salamu. "Anatoka asubuhi na baiskeli, anarudi jioni. Nikimuuliza ulikwenda wapi, anasema kazini. Kazi gani? Nani anamwita siku hizi?"

"Dada, mimi nifanye nini? Jibu ni jibu."

"Sikuambii ubadilishe. Angalia tena. Mimi ndiye nimekubeba mgongoni, mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu."

"Nitaangalia," nikasema, ili aondoke. Na niliangalia kweli, lakini sitajisifu kwa hilo: nilifungua daftari la sampuli nipate kumpigia simu nimwambie hakuna kosa.

Kila chupa ina mstari wake kwenye lile daftari. Siku, hali ya maji, saa ya asidi, saa ya chujio, jina la mpimaji. Nikashuka kwa kidole mpaka thelathini na moja. Hali ya maji: yana tope. Asidi: saa nne na dakika kumi. Chujio: saa nne na dakika ishirini na tano.

Nikasoma tena. Nikasoma kwa kufunika mstari wa juu na wa chini kwa karatasi, huenda macho yameruka. Hayakuwa yameruka. Ulikuwa mwandiko wangu, ule mzuri. Nilikuwa nimetia asidi kwenye tope, nikaliacha robo saa linyonywe, ndipo nikachuja. Nilipima tope, nikaandika maji.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeandika 4:10 kwa tarakimu. Ukitaka moja iwe nne unahitaji vijistari viwili, na 4:40 inakuja baada ya 4:25, na kila kitu kinakaa sawa. Niliishusha kalamu mpaka ncha ikagusa karatasi. Ningependa kusema nilizuiwa na dhamiri. Nilizuiwa na kikohozi cha Mama Tone koridoni.

Mama Tone ndiye mkuu wetu. Jina hilo alipewa kwa sababu hakubali neno "kidogo". Ukimwambia umetia asidi kidogo atakuuliza matone mangapi. Nililifunga daftari, akapita, nikabaki na kovu la wino, nukta moja karibu na ile kumi. Ipo mpaka leo.

Usiku ule na uliofuata nilitafuta njia. Akili ya mtu mwenye hatia ni nyepesi ajabu. Ilipofika Alhamisi nilikuwa nimeipata, tena ilionekana ya heshima: nitapima upya. Wiki sita zimepita, tope limeshatulia, maji yatatoka safi. Nitatoa karatasi mpya, kisima kitafunguliwa, watu watakunywa, shemeji atalala. Nani atauliza ya kwanza ilikuwaje? Maji hubadilika. Hakuna atakayeumia, na mimi sitarudishiwa jibu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kisimani na barua ya maabara. Shemeji hakuwepo, alikuwa ameshatoka na baiskeli yake. Katibu wa kamati akafungua kufuli, dada akashika mpini wa pampu. Tulimwaga ndoo kumi kwanza. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka msumari ulio chini ya ndoo. Nikavuta kwa bomba la sindano, nikapitisha kwenye chujio, nikahesabu matone mawili ya asidi. Nilifanya polepole kama mtu anayefunga kidonda.

"Leo umekuwa mtaratibu," dada alisema. "Umeme gani huu?"

Nikafunga kifuniko.

Ndiyo maji niliyokuwa nayapitisha kwenye mtambo, macho nimefumba. Yalikuwa safi.

Nilichapa karatasi. Kwenye fomu ya kupima upya kuna mstari unaouliza sababu ya tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili. Nikaandika, "Kisima kimetulia." Nikampelekea Mama Tone ofisini kwake. Alikuwa anakula ndizi huku anasoma, miwani kwenye ncha ya pua.

"Thelathini na moja," alisema. "Kile kilichotutoa jasho. Kutoka mara tisa mpaka sifuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Kimetulia hasa."

"Ndiyo, Mama."

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani ataomba daftari. Nadhani nilitaka aliombe. Nikawa nasema kimya kimya, omba, omba basi.

"Angekuwa yule mwenzako wa dirishani ningekagua mpaka namba ya chupa," alisema. "Wewe sikukagui. Miaka minne! Wewe ukiniambia maji yametulia, mimi ni nani?" Akafuta kidole kwenye leso, akatia sahihi. "Wapelekee leo leo. Watu wasiteseke wikendi nzima."

Sijawahi kubeba kitu kizito kama karatasi ile.

Nilifika kwa dada saa kumi. Nyumba yao ina vyumba viwili na ua mdogo nyuma, ambako shemeji huweka vyuma vyake: mabomba, kamba, patasi ndefu za kuvunjia mwamba. Siku zote ua ule huwa na kelele. Siku ile ulikuwa umefagiliwa. Vyuma vimefungwa kwa waya, fungu fungu, kama vitu vinavyongoja kuuzwa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda anatengeneza mnyororo wa baiskeli, suruali imejaa vumbi mpaka magotini.

"Shemeji!" alisema, akainuka. "Karibu. Nikupe mkono upi, yote ina grisi."

Nikampa karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaisoma midomo ikitembea. Dada alikuja mlangoni akiwa na ufagio.

"Safi?" aliuliza dada.

"Safi," nikasema. "Hakuna risasi hata chembe."

Dada aliachia ufagio. Alipiga kelele moja tu, ya juu, akaniparamia shingoni kama tulivyokuwa watoto. "Mdogo wangu! Umeme wangu! Nilijua, mimi nilijua, si nilikwambia uangalie tena!" Alinuka sabuni na moshi. Nilisimama ndani ya mikono yake kama mti.

Shemeji alikuwa bado anasoma. Kisha alikaa taratibu kwenye kigoda chake, akashusha pumzi ndefu sana.

"Kwa hiyo ndiyo hivyo," alisema. "Ilikuwa mimi."

Dada akaniachia, akamgeukia. "Wewe nini?"

"Maungio." Akavuta mfuko wa kitambaa kutoka chini ya ukuta, akaumimina. Yalidondoka maungio ya shaba, makubwa kama ngumi ya mtoto, mawili, matatu, manne. "Haya niliyanunua kwa mtu ambaye sikuwahi kununua kwake. Rahisi kidogo, na shaba ya bei hiyo mara nyingi huchanganywa na risasi. Ripoti iliposema maungio, nikajua. Nililala nayo wiki mbili, nikaenda kwa kamati, nikawaomba ufunguo siku tatu. Nikayatoa yote, nikaweka ya plastiki. Sikumwambia mtu ninachofanya. Nilisema ngoja nione." Aliinua karatasi. "Sasa nimeona. Nimeyatoa, risasi imeondoka. Shemeji wewe umenifungua macho. Bila ule mstari wako nisingejua kamwe."

Nilibaki nayatazama yale maungio pale chini.

"Na hizo safari za baiskeli?" dada aliuliza taratibu.

"Nyumba kumi na moja," shemeji alisema. "Kumi na moja nilizochimbia visima mwaka huu na mwaka jana, ambako nilitumia maungio kama haya au sikumbuki. Nimekwenda moja moja. Nawaambia, msinywe, huenda nimewawekea sumu. Wengine wamenipa maji nikanawe uso, Mungu awabariki. Wengine wamenifungulia mbwa." Alicheka kidogo. "Mmoja aliniambia, fundi, afadhali ungekuja kuiba. Leo nimemaliza ya mwisho. Kesho saa tatu kuna mkutano wa mtaa. Nitasimama, nitawaonyesha haya maungio, nitaomba radhi. Halafu vyuma hivi nitaviuza. Mtu anayelisha watoto wa watu risasi asichimbe tena."

Alivitazama vyuma vyake vilivyofungwa, kisha akatazama pembeni haraka.

"Baba, usiviuze," dada alisema, sauti ndogo. Humwita hivyo mbele ya wageni. Mbele yangu huwa hamwiti hivyo. "Kosa limekwisha. Maji yamerudi."

"Maji yamerudi, ndiyo. Jina je?"

Hapo ndipo nilipoona njia yangu ya heshima ilikonifikisha. Ile karatasi safi haikumwokoa, ilimfunga. Nilikuwa nimemletea ushahidi wa kosa ambalo huenda hakulifanya, nao una sahihi ya mwanamke aliyekataa kunikagua. Na ningeweza kuondoka. Nasema kweli, geti lilikuwa hatua tano. Dada ana furaha, kisima kitafunguliwa, watu wa mtaa ni wepesi wa kusamehe wakipata maji. Ni mtu mmoja tu angebaki na mzigo, na mtu huyo alikuwa tayari ameshaubeba, tena kwa shukrani.

"Shemeji," nikasema. "Kuhusu lile jibu la kwanza. Kulitokea hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Kwenye maandalizi. Utaratibu ulikuwa umegeuzwa. Asidi ilitangulizwa kabla ya chujio, kwa hiyo kuna uwezekano usomaji uliathirika."

Nilijisikia nikiongea kama fomu. Shemeji alikunja uso, anajaribu kunifuata. Dada hakukunja kitu. Alikuwa ameshafika.

"Ilitangulizwa," alisema. "Na nani?"

"Dada, hebu ngoja nieleze..."

"Hitilafu ilitokea. Ilikuja kwa miguu yake? Ilibisha hodi? Utaratibu uligeuzwa, ulijigeuza usingizini? Hebu niambie kwa Kiswahili cha nyumbani. Nani?"

Neno lile lina herufi chache. Tangu shuleni nimetunga beti, nimeshindana kwa maneno na watu walionizidi umri, sikuwahi kukwama. Pale nilikwama.

"Mimi," nikasema. "Nilikosea. Ni mimi."

Nikawaeleza yote, bila ofisi ndani yake. Tope. Asidi inavyoung'ata udongo. Chupa arobaini kabla ya saa sita. Mstari niliouongeza kwa sababu ulikuwa unapendeza. Daftari, kalamu, na nukta ya wino. Na "kisima kimetulia," na Mama Tone na ndizi yake. Nilipomaliza, dada alikuwa amekaa chini kwenye saruji, kanga ameishika mdomoni.

"Wiki sita," alisema ndani ya kitambaa. "Wiki sita mwanangu anarudi shule analia, baba yake anaitwa Risasi. Nimebeba maji ya mtoni mpaka utosi umeota sugu. Na wewe Jumapili ukatuchekesha." Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza. "Nilikubeba mgongoni, wewe."

Shemeji alikuwa ameokota ungio moja, analizungusha mkononi.

"Nilikuwa nimewaambia kamati," alisema. "Siku nilipomaliza. Niliwaambia, kipeni wiki moja, udongo wa huku ni mzito, utatulia. Wakasema maabara ndiyo inajua." Akaniinulia macho. "Kwa hiyo haya maungio yangu hayana kosa?"

Hili ndilo swali nililoliogopa kuliko yote, maana nilitamani sana kusema ndiyo. Lingekuwa zawadi. Lingekuwa pia uongo wa tatu.

"Sijui, shemeji. Hakuna aliyeyapima. Maji ya leo nimeyachukua baada ya wewe kuyatoa maungio, hayawezi kuniambia. Huenda ni mazima. Huenda yana kitu. Aibu yangu ni hiyo: niliandika kama ninayejua."

Alilizungusha lile ungio mara moja tena, akaliweka chini. Nje, mtu alikuwa anampigia mwenzake honi.

"Nilidhani utaniambia ni mazima," alisema. "Ungeniambia, nisingekuamini tena maishani."

Akayakusanya maungio yote manne, akayarudisha mfukoni, akafunga fundo, akanisukumia kwa mguu. Grisi ilikuwa imemjaa usoni alipojifuta.

"Mimi sitaki uniombe radhi hapa uani," alisema. "Hapa tuko watatu, tena ni ndugu. Mimi nilisomewa kwa kipaza sauti."

"Nitaandika barua kwa kamati leo hii, na..."

"Barua!" Dada alicheka kicheko kikavu. "Anapenda kuandika huyu. Ndiyo mwandiko uliotufikisha hapa."

"Si barua," shemeji alisema. "Mdomo. Na useme ulivyomwambia dada yako mara ya pili, si ile ya kwanza. Ile ya kwanza hata mimi sikuielewa."

Niliwafikiria watu wa mtaa ule, wazee kwa vijana, wamesimama mbele ya ofisi. Nilimfikiria Mama Tone akisoma mstari wa daftari kwa kidole chake chembamba, akaifikia ile nukta ya wino. Huenda ningefukuzwa kazi. Huenda watoto wangenipa jina mimi, na ningelistahili. Kiburi changu kilikuwa bado hai, kilinivuta shati kwa nyuma, kikaniambia: sema tu nitajaribu. Sema inshallah kisha usitokee.

Nikainama, nikauchukua ule mfuko. Ulikuwa mzito. Nikasimama mbele ya kigoda chake, nikampa mkono, naye akaushika, grisi na vumbi na yote, hakuuachia.

"Shemeji," nikasema, kwa sauti ambayo majirani wangeweza kuisikia, "leo kabla jua halijazama narudi kwa Mama Tone, nimwambie karatasi aliyoisaini ina uongo wangu. Kesho saa tatu wewe utakaa, mimi nitasimama. Nitashika kipaza sauti hichohicho niwaambie: mimi ndiye niliyepima maji yenu, nilitia asidi kwenye tope kabla ya kuchuja, nilikosea mimi, na fundi huyu sikuwa na haki ya kumtaja. Baada ya hapo twende wote nyumba zote kumi na moja, na penye mbwa nitatangulia mimi. Haya maungio nitayaloweka na kuyapima mbele ya macho yako, na jibu lolote litakalotoka, liwe zuri au baya, utalisikia wewe kwanza, kutoka mdomoni mwangu. Nakuahidi."